Matofaa Manne Magumu

Ijumaa ile Mwanawema alirudi kutoka bondeni na pakacha la matofaa kichwani, mtoto mgongoni, na daftari amelibana kwapani kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Mama mkwe wake, Bi Kazija, alikuwa uwani juu ya jamvi, anasuka ukili wa mkeka. Akamtazama mkaza mwanawe kuanzia juu mpaka chini, halafu akaanza tena kutoka chini kwenda juu.

"Haya, mwalimu," akasema. "Umehama na mti mzima, au shina umeliacha?"

"Nimeambiwa manne tu, mama. Haya mengine ya kula."

"Umeambiwa na nani?"

"Na daftari."

"Ee! Kumbe linasema! Hebu liulize basi, nani atateka maji leo."

Mwanawema akacheka, akatua pakacha, akamshusha mwanawe Time mgongoni. Lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Siku hiyo ilikuwa siku ya hukumu yake, na wote wawili walijua.

Mambo yalianza hivi. Pale skuli ya Mtambile paliwekwa darasa la jioni kwa wanawake, mara tatu kwa wiki baada ya laasiri, mwalimu ni Bi Mwatum aliyeletwa kutoka Unguja. Mwanawema alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Si kwamba hajui kusoma. Chuo cha Kurani alihitimu akiwa na miaka kumi na moja, na msahafu anausoma vizuri. Alichokitaka ni hizi herufi nyengine, zinazoanzia kushoto, ambazo Bi Kazija akizitazama hutikisa kichwa na kusema, "Maandishi gani yanayoanzia mwisho?"

Na alizitaka kwa sababu moja tu. Mumewe, Silima, alikuwa dago, kule kaskazini wanakopiga kambi kuchuma karafuu, na kutoka huko huleta barua. Barua zikifika husomwa na mwenye duka, barazani, mbele ya kila aliyekuja kununua chumvi. Mara ya mwisho Silima aliandika kuwa anamkumbuka mkewe. Mwenye duka alipofika hapo alikohoa kwanza, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, ndipo akasoma. Na akasoma mara mbili, kwa kuhofia kuwa wa nyuma hawakusikia. Mwanawema alirudi nyumbani amejifunika kanga mpaka kwenye pua.

Lakini barua ya juzi aliishika mwenyewe kabla haijafika dukani. Akakaa nayo nyuma ya nyumba, kidole kikitambaa herufi baada ya herufi, na jasho likimtoka. Akaupata mstari mmoja mzima: *Je, Time ameota meno?* Mstari mmoja tu. Lakini ulikuwa wake, hakuna aliyeukoholea.

Silima alikwisha kusema kuwa yeye hana neno, mkewe asome, ila mama aridhie. Na mama hakuwa ameridhia. Kila siku ya darasa Time alibaki mikononi mwake akilia, ukili haupandi, na samaki wa usiku wanangoja kuparwa. Basi Jumatano Bi Kazija alikata shauri.

"Mie sikukatazi kusoma," alisema. "Lakini wiki tatu unakwenda, na sijaona kilichotoka humo kikaingia humu ndani. Ijumaa nipikie kitu kimoja kilichotoka daftarini. Kitu ambacho mie sikukufundisha, wala mamako hakukufundisha. Kikilika, utasoma mpaka mvi zikutoke. Kisipolika, Jumatatu hatoki mtu."

Ndio maana ya yale matofaa.

Bi Mwatum alikuwa ameandika ubaoni mapishi aliyoyakuta gazetini, yote kwa mkono wake mzuri wa duara: *Sambusa tamu za matofaa*. Mwanawema aliyanakili bila kuacha hata nukta. Sasa akalifungua daftari juu ya kinu kilichopinduliwa, akalikandamiza kwa kijiwe lisipeperuke, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja.

"Me-nya ma-to-faa ma-nne ma-gu-mu."

"Magumu?" Bi Kazija hakuinua macho kwenye ukili. "Tofaa gumu unalijua wewe?"

"Labda wamekusudia ambalo halijaiva sana, mama."

"Labda. Mie sikusoma."

Mwanawema akachagua manne yaliyokaza kidogo, mekundu, yamechongoka vizuri. Akayamenya. Ngozi yake nyembamba kama ya kitunguu ilikatika katika kisu, na maji yakamtiririka mpaka kiwikoni.

"Toa mbegu ndogo zi-li-zo ka-ti-ka-ti."

Akalipasua la kwanza. Katikati palikuwa na mbegu moja, duara, kubwa kama gololi, imekaa peke yake kama mwenye nyumba. Akapasua la pili. Moja. La tatu, moja. Akatazama daftari, akatazama tofaa, akatazama daftari tena.

"Vipi?" Bi Kazija akauliza.

"Hapa wamesema mbegu, mama. Nyingi."

"Na hapo?"

"Moja moja."

"Basi hizo nyengine zimekwenda dago," akasema Bi Kazija, "zitarudi karafuu zikisha."

Mwanawema akauma mdomo asicheke, maana akicheka ataonekana amekubali kushindwa. Akakata vipande, akatia chunguni na sukari na kijiti cha mdalasini, akainjika jikoni. Daftari likasema: *Pika dakika kumi, mpaka vilainike lakini visivunjike.*

"Dakika kumi ndio kiasi gani?" akauliza Bi Kazija. Saa ya nyumba ile ilikwenda na Silima.

"Kama kusoma Yasini bila ya haraka."

"Basi soma wewe. Mie nikisoma Yasini kwa ajili ya matofaa ntakwenda kuulizwa kaburini."

Haikufika hata nusu ya dakika hizo. Vipande vilizama, vikayeyuka, na maji yakapanda mpaka yakawa yanachezacheza ukingoni mwa chungu. Mwanawema akachochea moto, akidhani yatakauka. Hayakukauka. Alipoingiza upawa alitoa mchuzi mweupe, na ndani yake nyuzinyuzi mbili tatu zimelala kama walioshindwa na safari.

Unga alikuwa amekwisha kuukanda, wa ngano, na samli kidogo na chumvi, na huo haukuwa na kasoro. Akausukuma, akakata miduara kwa mdomo wa bilauri, akaweka kijiko cha ule mchuzi kati ya kila mmoja, akakunja, akabana kwa vidole. Nyengine zilianza kulia kabla hata hazijaona mafuta.

Ya kwanza ilitumbukia karaini, ikatulia, ikazunguka mara moja kama mtu anayetafuta pa kukaa, halafu, paa! Ikapasuka. Mafuta yakaruka, Mwanawema akaruka, Bi Kazija akamnyakua mtoto na kurudi naye nyuma hatua tatu. Time, ambaye hajawahi kuona jambo zuri kama hilo, akapiga makofi. Ya pili, paa! Ya tatu haikupasuka. Ilifunguka taratibu, ikamwaga ilichokuwa nacho, ikabaki kigae kitupu kinaelea.

Bi Kazija akasogea, akaopoa kigae hicho, akakipuliza, akatafuna. Kisha akachovya kijiko katika chungu, akaonja.

"Si mbaya," akasema kwa upole mkubwa. "Ila hii ni ya kunywa, mwanangu. Ungeniambia nilete kikombe."

"Hodi humu!" Sauti ilitoka nje ya kitalu cha uwa. "Mnapiga baruti, au Silima amerudi?"

Alikuwa Bi Mize, jirani, na kifuu chake cha kuombea kaa la moto. Bi Mize alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyekaa mjini Unguja miaka miwili akilea watoto wa Mzungu mmoja, na tangu arudi hakuna jambo ulimwenguni ambalo hana habari zake.

"Karibu, shoga," akasema Bi Kazija. "Mkaza mwanangu ananipikia tofaa la daftarini. Lakini halitaki kukaa ndani. Kila likifungiwa linavunja mlango."

Bi Mize akachungulia chungu, akachungulia daftari lililo juu ya kinu kana kwamba anaweza kulisoma, akachungulia pakacha. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaweka kifuu chini.

"Matofaa haya? Haya yetu? Lo, Mwanawema mwanangu! Yaliyoandikwa humo ni matofaa ya kizungu!"

"Tofaa si tofaa?" akauliza Bi Kazija.

"Wapi, shoga! La kizungu linakuja melini, limefunikwa karatasi, kila moja na yake, kama bi harusi. Ukiling'ata linalia, kwacha! Kama muhogo mbichi. Lina ukali kidogo, na mbegu zake vijidogo, vyeusi, chungu nzima. Siku ya kwanza kupewa kipande nilidhani ni kiazi kimetiwa sukari. Hilo hata ulipike kutwa, linakaa. Hili letu," akalichukua moja, akaling'ata, maji yakamchuruzika kidevuni, "hili ni maji yenye ngozi."

Karai ilikuwa bado inalalamika motoni.

"Kwa hivyo," akasema Bi Kazija, akilitamka kila neno kwa raha zake, "neno moja, matunda mawili. Na daftari halikusema ni lipi."

"Halikusema, mama."

"Na mwalimu hakusema."

"Labda na yeye hakujua."

"Basi mwanangu, umelisoma jina, ukasahau kuuliza ni la nani." Hakulisema kwa ukali. Alilisema huku akimfuta Time udenda kwa ncha ya kanga, na hilo ndilo lililomchoma Mwanawema zaidi. Angemgombeza, angekuwa na la kujibu. Lakini sauti ile ya upole ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda, anayekusanya vyombo vyake aondoke.

Jumatatu hatoki mtu.

Mwanawema akainama juu ya daftari ili asionekane macho. Tayari aliwaona wenzake Jumatatu wakipita njiani, madaftari kwapani. Akaona barua ya Silima mkononi mwa mwenye duka, na miwani ikifutwa. Maneno yalikuwa yanamchezea machoni. Akayasoma hivyo hivyo, maana hakuwa na jengine la kufanya. *Magumu. Vilainike lakini visivunjike.* Akayarudia. Na mara ya tatu akayaona kwa namna nyengine. Daftari halikuwa linamwambia achukue nini. Lilikuwa linamwambia kinachotakiwa kitokee: kitu kikavu, kinachokaa, na, kwa maneno ya Bi Mize, chenye ukali kidogo katikati ya utamu. Kama tofaa lake halikuwa hivyo, basi lifanywe liwe hivyo. Lipokonywe maji.

"Mama," akasema, "jua halijatua."

"Halijatua. Kwa nini?"

"Uliponiambia Ijumaa hukunambia Ijumaa ya asubuhi."

Bi Mize akajipiga kofi la paja. Bi Kazija akamtazama mkaza mwanawe kwa jicho moja, la pili likibaki kwa mtoto. "Haya," akasema. "Mpaka magharibi. Na hayo mafuta usinimalizie."

Mwanawema akachukua matofaa kumi na mawili, maana manne yalikwisha kumfunza. Akayamenya, akayakatakata, akayatia katika kifumbu cha kuchujia tui, akayakamua kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Maji yakajaa kikombe kizima. Bi Kazija akakiondoa njiani, akasema ataonja tu kama kuna sumu, na akaonja mpaka kikombe kikaisha.

Kilichobaki kilikuwa konzi mbili za nyama nyeupe. Akaikaanga kavu juu ya moto mdogo, na sukari, na mdalasini, akakamulia ndimu nusu ya kuleta ule ukali. Ikashikana kidogo. Bado ililegea. Inataka kitu cha kunywa maji yaliyosalia, akafikiri, na macho yake yakaenda kwenye nazi zilizolala pembeni mwa ukuta.

Akavunja moja, akaketi juu ya mbuzi, akakuna. Akaitia nazi katika sufuria kavu aikaange. Na hapo, kwa vile na yeye ana ujanja wake, akageuka akauliza kwa adabu kabisa:

"Mama, hii naikaanga mpaka iwe nyeusi, sio?"

"Nyeusi!" Bi Kazija aliinuka jamvini kwa wepesi ambao Mtambile nzima haikuwa imeuona tangu harusi ya Silima. "Nyeusi ya nini? Toa hapo! Sogeza kuni! Nazi hukaangwa mpaka ipate rangi ya mchanga, ikianza kunukia unaiepua, haingoji adhana. Mshike mtoto, Mize. Nipe huo upawa."

"Mie nasoma tu, mama."

"Soma kimya."

Bi Kazija akakoroga. Nazi ikapiga rangi, uwa wote ukanukia. Akachanganya na matofaa yale, akaonja, akasema hakuna hiliki, akaenda mwenyewe ndani kuzitoa mahali ambapo Mwanawema, miaka miwili tangu aolewe, hajapajua. Akazitwanga. Mwanawema alipokunja sambusa na kuzibana kwa vidole, akapigwa kibao cha mkono.

"Hivi ndivyo zilivyofunguka. Tazama." Na vidole vile vilivyozoea ukili vikapita ukingoni, kunja, bana, kunja, bana, kama anavyomalizia mkeka, mpaka ile sambusa ikawa na pindo lisilopitisha hata pumzi.

Mafuta yakawa tayari. Ikaingia ya kwanza, wote watatu wakarudi nyuma, na Bi Mize akamziba mtoto masikio. Haikupasuka. Ikavimba kidogo kwa kujiona, ikageuka yenyewe, ikapiga rangi ya shaba. Ya pili vivyo hivyo. Zikajazana katika sinia, zina mikunjo midogo pembeni, na ukizivunja zinatoa moshi wa mdalasini.

Bi Mize akala nne kabla hajakumbuka kusema bismillahi. "Shoga," akasema na kinywa kimejaa, "hizi Mzungu wangu hakuzijua."

Bi Kazija alikula moja. Akatazama ndani yake, akatafuna bila haraka. Akachukua ya pili. Alipochukua ya tatu akaona Mwanawema anamtazama.

"Naangalia kama zimeiva," akasema.

"Zimeiva, mama?"

"Hii imeiva. Zile nyengine sijui." Akachukua ya nne.

Mwanawema akakusanya roho. "Basi, mama. Zimelika."

"Zimelika," akasema Bi Kazija. Akapangusa vidole. "Lakini mie nilisema nini Jumatano? Nilisema kitu ambacho mie sikukufundisha. Sasa nazi alikaanga nani? Pindo alisokota nani?"

Mwanawema akalitazama sinia. Alijiona mwerevu kwa lile swali lake la nazi nyeusi, kumbe ndio alikuwa anajifungia mlango kwa mkono wake. Na lilikuwa kweli. Alimchokoza mwenyewe, akamwinua mwenyewe kutoka jamvini.

"Wewe, mama," akasema.

"Mie. Na humo daftarini yamo hayo?"

"Hayamo."

"Kukamua yamo? Nazi imo? Ndimu?"

"Hayamo, mama. Humo yamo manne magumu."

"Na Jumatatu wale wanawake wote watakwenda zao kuchuma matofaa, watatia motoni, watajiunguza nyuso."

"Watajiunguza," Bi Mize akakubali, akinyoosha mkono kwenye sinia.

Bi Kazija akalisogelea daftari. Alikuwa anautazama ule ukurasa, zile herufi zinazoanzia asikokujua, na uso wake haukuwa na mzaha tena. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona mtoto wa mwenzake anakimbilia kisimani.

"Penseli iko wapi?" akauliza.

"Hii hapa."

"Kaa. Andika. Kwanza hilo 'magumu' lifute, linatia watu hasarani. Andika: matofaa kumi na mawili, haya yetu. Umeandika 'haya yetu'?"

Mwanawema akaandika huku akiyatamka. "Ha-ya ye-tu."

"Yakamuliwe mpaka mkono uchoke. Maji yake yasimwagwe, ni matamu. Nazi, moja, rangi ya mchanga. Hiliki tatu. Ndimu nusu, hiyo ni yako, siichukui. Na pindo lisokotwe kama pindo la mkeka; asiyejua kusokota aje hapa nimwonyeshe." Akangoja penseli ifike. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Chini andika aliyesema."

Mwanawema akaandika polepole, akageuza daftari amwonyeshe. Bi Kazija akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Ndio mimi huyu?"

"Ndio wewe. Ka-zi-ja."

"Mbona mfupi hivi? Kazija wako wangapi Mtambile? Ongeza 'binti Nyange', watu wajue." Akamchukua Time kutoka kwa Bi Mize, akamweka begani. "Na Jumatatu uwahi mapema. Usije ukafika wamekwisha kuanza, ukawasomea mbio mbio wakaacha kusikia jina."